Kwa Nini Deki Huikataa DVD ya Harusi

Kila mpiga video za harusi ameshawahi kupigiwa simu ya namna hii. DVD imekabidhiwa, wazee wamekusanyika sebuleni, deki inazungusha kidogo kisha inaandika "No Disc". Diski hiyohiyo ikiingizwa kwenye kompyuta ya kijana wa nyumba inacheza vizuri, tangu bibi harusi anapambwa hadi keki inapokatwa. Mwenye nyumba anamlaumu mpiga video kwa kazi mbovu, mpiga video anailaumu deki kwa uzee, na fundi anayeitwa kuamua ugomvi anashauri lenzi ibadilishwe.

Mara nyingi wote watatu wanakisia tu. Diski iliyochomwa nyumbani au kwenye studio ya mtaani huiwekea deki mitihani mitatu. Kwanza, deki lazima iione diski, yaani mwanga wa leza urudi wa kutosha. Pili, lazima iutambue mpangilio wa mafaili yaliyomo. Tatu, lazima imudu picha na sauti kwa kasi iliyowekwa. Kila mtihani una makosa yake, na dalili iliyo wazi kuliko zote ni mahali deki inapokwamia: mwanzoni kabisa, kwenye menyu, katikati ya sherehe au katika dakika za mwisho. Anayeizingatia dalili hiyo anaweza kujua kosa liko wapi kabla hajatoa hata shilingi.

Ugomvi huu una historia. Muundo wa DVD ulikubaliwa mwaka 1995 na makampuni makubwa ya elektroniki pamoja na wadau wa filamu, na deki za kwanza zikaanza kuuzwa Japani Novemba 1996. Wakati huo hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuandika DVD nyumbani. Diski zote zilitoka kiwandani, zikiwa zimegongwa vishimo vidogo mno kwenye plastiki na kupakwa utando wa metali unaorudisha mwanga. DVD-R ya kwanza ililetwa na Pioneer mwaka 1997, ikiwa ghali na yenye ujazo wa GB 3.95 tu, ile ya GB 4.7 tunayoijua ilifuata baadaye. DVD+R, iliyotoka kwenye kambi pinzani ya akina Philips na Sony, iliingia sokoni mwaka 2002. Kwa hiyo deki ilitangulia, na diski ya kuchoma ikaja nyuma ikijaribu kufanana na diski ya kiwandani. Inafanana sana, lakini si sawasawa.

Tofauti inaanzia kwenye mwanga. Diski ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka jembamba la rangi ya kikemikali, na leza ya kompyuta inapoandika huiunguza rangi hiyo mahali hapa na kuiacha pale, ili madoa yaliyoungua yarudishe mwanga mdogo kuliko sehemu zilizobaki. Deki haijui habari za rangi wala vishimo; inapima mwanga unaorudi, basi. DVD ya kiwandani yenye tabaka moja hurudisha kati ya asilimia 45 na 85 ya mwanga, na DVD-R na DVD+R zimetengenezwa zikae humohumo. DVD-RW na DVD+RW, zile zinazofutika na kuandikwa upya, hutumia aina nyingine ya metali na hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu. Kiwango hicho ndicho kile cha DVD ya kiwandani yenye matabaka mawili. Deki ya zamani ikiipata RW huidhani ni ya matabaka mawili, inalitafuta tabaka la pili lisilokuwepo, inalikosa, kisha inakata tamaa. Mpiga video anayempa mteja RW kwa kuwa ndiyo iliyobaki kabatini anajitafutia simu ya usiku.

Kwa VCD hali ni ngumu zaidi, na jambo hili liliwachanganya wengi katika miaka ambayo filamu nyingi za Bongo zilisambazwa kwa VCD. Leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, na rangi ya CD-R ilitengenezwa kwa ajili yake. Leza ya DVD ni nyekundu, ya nanomita 650, na rangi ileile huimeza badala ya kuirudisha. Ndiyo maana baadhi ya deki za DVD za mwanzo zilicheza VCD ya dukani bila shida lakini hazikuiona kabisa VCD iliyochomwa. Hazikuwa mbovu. Watengenezaji walilitatua tatizo kwa kuongeza leza ya pili, na deki za miaka iliyofuata huwa nazo zote mbili. Hata hivyo leza moja inaweza kuchoka huku nyingine ikiwa nzima, na hapo hutokea kituko cha deki inayocheza DVD zote na kukataa CD zote, au kinyume chake.

Fundi akiinua kifuniko cha deki, mtihani huu wa kwanza huonekana kwa macho. Kitanda kikishaingia, lenzi ndogo hupanda na kushuka mara kadhaa ikitafuta umbali wake na diski. Ikipata mwanga wa kutosha, mota inaongeza mwendo na lenzi inasoma sehemu ya ndani kabisa, karibu na tundu, ambako kumeandikwa diski ni ya aina gani na yaliyomo yanaanzia wapi. Isipopata, lenzi inarudia ule mchezo wa kupanda na kushuka, mota inazunguka kidogo na kusimama, halafu maneno ya kukataa yanatokea kwenye skrini. Anayetazama asilete jicho juu ya lenzi deki ikiwa kwenye umeme, maana leza hiyo inaweza kuliumiza.

Ile sehemu ya ndani ina siri nyingine mbili. Ya kwanza ni jina la aina ya diski. Deki kadhaa za zamani hukataa DVD+R kwa sababu tu utambulisho wake haumo kwenye orodha yao, ingawa mwanga unarudi vizuri. Mashine nyingi za kuchomea zinaweza kuiandika DVD+R ijitambulishe kuwa diski ya kiwandani, na programu kama ImgBurn inamruhusu mtumiaji kuchagua hivyo. DVD-R haikubali ujanja huo, lakini kwa kuwa ilitangulia, deki za zamani huwa zimeizoea zaidi.

Siri ya pili ni kufungwa. Diski iliyoandikwa bila kufungwa haina ukurasa wa mwanzo uliokamilika, na deki haina pa kuanzia. Kompyuta ni mvumilivu zaidi, inaweza kuyasoma yaliyomo hata hivyo, ndiyo sababu mpiga video huapa kwamba diski yake ni nzima. Balaa hili liliwapata zaidi waliotumia kamera zilizoandika moja kwa moja kwenye diski ndogo za sentimita 8, zenye ujazo wa GB 1.4. Shughuli ikiisha, diski ilitolewa na kuwekwa kabatini, na hakuna aliyeingia kwenye menyu ya kamera kuifunga. Njia ya uhakika ya kuifunga ni kuirudisha kwenye kamera ileile au ya aina ileile.

Deki ikishaiona diski, inatafuta mafaili. Hapa ndipo makosa mengi zaidi ya siku hizi yalipo, na ndipo palipo rahisi kukagua. DVD ya video ina folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake kuna mafaili yenye majina maalumu: VIDEO_TS.IFO, VTS_01_0.IFO, VTS_01_1.VOB na wenzao, huku kila faili la VOB likiwa halizidi GB 1. Deki haitafuti kingine. Ukiifungua diski kwenye kompyuta ukakuta faili moja lenye jina "Harusi.mp4", umeshapata jibu: aliyechoma alinakili faili kama anayejaza flashi, hakutengeneza DVD ya video. Kompyuta hucheza chochote kwa sababu ina programu za kila aina. Deki ina chipu moja na masharti yake.

Windows imechangia mkanganyiko huu. Tangu Vista, iliyotoka mwaka 2007, mtumiaji akiingiza DVD tupu huulizwa kama anataka kuitumia kama flashi au ichezwe kwenye mashine za CD na DVD. Wengi hubonyeza lile la kwanza, kwa kuwa linaonekana jepesi. Diski inayopatikana ina mpangilio ambao deki nyingi hazijawahi kuujua. Na hata anayechagua la pili hapati DVD ya video. Anapata diski ya mafaili iliyofungwa. Kutengeneza VIDEO_TS ni kazi ya programu nyingine. Vista na Windows 7 katika matoleo yake makubwa zilikuja nayo, ikiitwa Windows DVD Maker, lakini ikaondolewa kuanzia Windows 8. Waliohamia kompyuta mpya bila kulijua hilo walianza kutoa diski zisizochezeka huku wakiamini hawajabadilisha kitu.

Kuna deki zinazocheza mafaili ya AVI, zile zenye alama ya DivX usoni. Hizo zinasamehe kidogo, lakini zinajua namna ya ubanaji wa picha ya zama zile tu. Faili la MP4 au MKV lililobanwa kwa H.264, kama linavyotoka kwenye simu na kamera za leo, litaonyesha jina lake kwenye menyu, kisha deki itasema haliungwi mkono au italiruka kwenda linalofuata. AVCHD, muundo uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, una mtego wake: video ya kiwango cha juu huandikwa kwenye DVD ya kawaida, lakini diski hiyo ni ya mashine za Blu-ray. Vitabu vya kamera hizo vilionya kwamba ikiingizwa kwenye deki ya DVD inaweza kukwama ndani isitoke.

Mtihani wa tatu ndio unaoleta dalili za kutatanisha, kwa sababu diski inacheza, ila vibaya. Picha inaganda watu wanapocheza muziki, kisha inatulia mchungaji au shehe akianza kuzungumza. Sababu ni hesabu. DVD inaruhusu picha isiyozidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na jumla ya picha na sauti isiyozidi 10.08. Watu wanapocheza, taa zikimeta na vigelegele vikipigwa, kila fremu inabadilika na programu hutumia data nyingi zaidi. Aliyeweka kiwango cha juu kabisa akitaka picha safi anaifikisha deki ukingoni, hasa kwa diski ya kuchoma ambayo haisomeki kwa wepesi wa ile ya kiwandani. Megabiti 7 au 8 zinatosha, na jicho la kawaida halioni tofauti.

Kosa la upande wa pili ni kujaza mno. DVD ya tabaka moja ina GB 4.7 kwa hesabu ya kiwandani, ambazo kompyuta ya Windows huzionyesha kama 4.37. Kwa megabiti 5 kwa sekunde inabeba saa mbili. Kumbe harusi ya kawaida ina kanisani au msikitini, kupiga picha, ukumbini, zawadi na salamu za ndugu wa pande zote mbili. Saa nne zinatimia bila taabu. Zikilazimishwa kwenye diski moja, kila sekunde inabaki na megabiti 2.6 hivi, na nyuso za wageni zinageuka vipande vya miraba. Mteja husema DVD ni mbovu, ingawa deki imecheza kila kilichoandikwa. Dawa yake ni diski mbili, au diski ya matabaka mawili yenye GB 8.5, ingawa hiyo ya pili ni ghali zaidi na deki za zamani huikataa au husita inapovuka kutoka tabaka moja kwenda lingine.

Sauti nayo ina sheria. Kwenye DVD inatakiwa kuwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, wakati VCD inataka 44,100, picha ya 352 kwa 288 na kilobiti 1,150 kwa sekunde, bila kupanda wala kushuka. Aliyechanganya vipimo vya hizi mbili hupata picha bila sauti, au sauti inayokwenda mbele ya midomo.

Halafu kuna diski zinazosafiri. Afrika Mashariki hutumia mfumo wa PAL, wenye mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde. Marekani hutumia NTSC, yenye mistari 480 na fremu karibu 30. Deki zinazouzwa kwetu kwa kawaida hucheza zote mbili. Za Marekani nyingi hazichezi PAL. Ndiyo maana DVD ya harusi ya Dar es Salaam au Mombasa ikitumwa kwa dada aliyeko Minneapolis inaweza kukataliwa huko, na ya kwake ikija huku ikacheza. Wengi husingizia namba za kanda, zile zinazoiweka Afrika Mashariki kwenye kanda ya 5 na Marekani kwenye kanda ya 1. Lakini kufuli hilo huwekwa kwenye filamu za studio. Diski ya nyumbani kwa kawaida huchomwa bila kufuli. Anayetuma DVD Marekani atengeneze nakala ya NTSC, na sauti aiweke AC-3, kwa sababu deki za NTSC hazilazimiki kujua sauti ya MPEG ambayo programu nyingi za PAL huitumia.

Diski inayocheza vizuri saa nzima kisha ikaanza kurukaruka mwishoni ina hadithi tofauti. DVD husomwa kutoka katikati kwenda pembeni, hivyo dakika za mwisho ndizo zilizo karibu na ukingo, na ukingoni ndiko diski yenye kasoro huyumba zaidi na ndiko mashine ya kuchomea hufikia kasi yake ya juu. Diski iliyoandikwa 16x imepitiwa na leza mbio mno, na kama rangi yake ni hafifu, madoa yanatoka na kingo zisizoeleweka. Deki ina uwezo wa kusahihisha makosa mengi, lakini yakizidi inaganda. Kuandika kwa 4x au 8x hupunguza tatizo hili kwa diski nyingi. Jina lililo kwenye kasha halisaidii sana kujua ubora, kwa kuwa chapa moja inaweza kununua diski kutoka viwanda tofauti. Msimbo wa kiwanda umeandikwa ndani ya diski tupu yenyewe, na ImgBurn huuonyesha.

Stika za karatasi zenye picha ya maharusi nazo zina lawama. Zikibandikwa upande hata kidogo, diski inapoteza mizani. Zikipigwa na joto zinajikunja na kuivuta diski. Afadhali diski zenye uso mweupe wa kuchapwa kwa printa. Kuhusu mikwaruzo, DVD imeundwa kwa sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, data ikiwa katikati kama siagi ndani ya mkate, kwa hiyo mkwaruzo mwepesi wa upande wa chini mara nyingi hupolishwa ukatoka. CD data yake iko juu, chini tu ya chapa. Kalamu ngumu au kucha upande wa jina inaweza kuiua kabisa. Jua linapiga zote: diski iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari hufifia rangi yake, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Deki yenyewe ndiyo ya mwisho kushtakiwa, na kuna njia rahisi ya kuipa haki yake. Kwanza iwekewe DVD halisi ya dukani. Ikiikataa, lenzi ina vumbi au leza imechoka. Ikiicheza, iwekewe diski ya kuchoma iliyotoka kwa mtu mwingine. Hiyo ikichezwa, kosa liko kwenye diski ya harusi, na hatua inayofuata ni kuifungua kwenye kompyuta na kuitafuta VIDEO_TS. Ikikataliwa nayo, inawezekana leza imeanza kudhoofika: bado inaziona diski za kiwandani zinazorudisha mwanga mzuri, lakini haiziwezi zile za rangi. Kusafisha lenzi kwa pamba yenye spiriti kidogo mara nyingine hurudisha uhai. Kubadilisha lenzi kabla ya majaribio hayo ni kulipa kwanza na kuuliza baadaye.

Kwa mpiga video, orodha ya tahadhari ni fupi: DVD-R ya tabaka moja, kasi ndogo, diski ifungwe, picha isizidi megabiti 8, programu iachwe ihakikishe ilichoandika, kisha diski ijaribiwe kwenye deki ya bei nafuu kuliko zote iliyopo mtaani. Mwenye diski za zamani naye azinakili zote kwenye kompyuta sasa, maana kompyuta mpya nyingi haziji tena na sehemu ya diski.

Wengi wameamua kuachana na ugomvi wote na kukabidhi harusi kwenye flashi. Wamepiga hatua, lakini wameondoa mtihani wa kwanza tu. Flashi haina mwanga wa kurudisha, ila mpangilio na ubanaji viko palepale. Deki na televisheni nyingi za zamani husoma flashi ya FAT32 peke yake, na FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, yaani harusi nzima lazima igawanywe. Simu za iPhone za tangu mwaka 2017 zinaweza kurekodi kwa H.265, muundo uliokamilishwa mwaka 2013, ambao televisheni za kabla ya hapo hazikuzaliwa nao. Familia itasikia vigelegele huku skrini ikiwa nyeusi, au itaona ujumbe kwamba muundo hautambuliki. Mteja anayetaka kutazama kwenye televisheni ya wazee anahitaji nakala ya pili ya H.264, yenye ukubwa wa 1080 au chini yake, iliyokatwa vipande visivyofika GB 4, na iliyojaribiwa kwenye televisheni ileile kabla ya malipo ya mwisho.